Tufani ya Mwaka 1872 na Karafuu za Pemba

Mtu akiingia soko la Kariakoo, Dar es Salaam, akauliza karafuu zilizo mbele yake zimetoka wapi, mara nyingi hujibiwa, "Pemba." Jibu hilo lina asili yake, na sehemu moja ya asili hiyo ni tufani ya siku moja.

Yafaa kwanza tujue tufani ni nini. Ile chamchela ya vumbi, ambayo wazee waliidhani kuwa pepo aitwaye kinyamkela, ni ndogo na hupita upesi. Lakini tufani kubwa huzaliwa baharini. Maji yakipata joto jingi, mvuke hupanda juu, na hewa ya pande zote hukimbilia kujaza mahali pake. Kwa kuwa dunia yazunguka, hewa hiyo hupindwa, ikazunguka kama jiwe la kusagia. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni haba. Ndiyo sababu tufani ni nadra kwetu. Ni nadra, walakini huja.

Tarehe 15 Aprili 1872 ilipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash ziliangamia, na mikarafuu na minazi mingi mno ikaanguka. Pemba, ingawa i karibu, ilisalimika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mali wakazidi kupanda miche Pemba. Hivyo Pemba ikaitangulia Unguja, hata leo.

Lakini miche haikujipanda. Waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa, wengi wao wametekwa bara na kupitishwa katika pwani yetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, walakini majahazi yaliendelea kuwavusha kwa siri mpaka Pemba, na sheria haikuukataa utumwa visiwani mpaka 1897. Basi hasara ya matajiri ililipwa kwa jasho la watu wasio na hatia.

Pwani yetu imepigwa tena tangu hapo. Aprili 1952 tufani ilipiga Lindi. Na Mei 2024 nyingine, iliyoitwa Hidaya, ilifika Mafia, na safari za baharini baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Watu wa 1872 hawakuwa na wa kuwaonya. Sisi twapata habari siku kadhaa mbele. Msomaji akisikia onyo la namna hiyo, asiseme, "Kwetu haiji," bali afunge chombo chake, naye akae nchi kavu.