Glokoma: je, ni lazima mugonjwa apige skaneri ya kichwa?

Mzee anarudi kutoka kwa muganga wa macho na neno moja: glokoma. Jioni jamaa inakaa pamoja na kuulizana: tuuze mbuzi, ao tuuze kipande cha shamba, apelekwe Goma ao Bukavu kupiga skaneri? Swali hilo ni la maana, sababu feza ikiishia kwenye picha, ya kununua dawa itatoka wapi?

Kwa wagonjwa wengi wa glokoma, picha ya ubongo haihitajiki.

Glokoma ni nini?

Ni ugonjwa unaoharibu mshipa unaopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Mara nyingi presha ya maji ndani ya jicho inakuwa imepanda. Presha hiyo si ile ya damu. Kwa kawaida iko kati ya 10 na 21, lakini wako watu wanaopata glokoma hata ikiwa chini ya 21. Aina inayoonekana sana kwetu haiumi. Inaanza kula pembeni, na mtu anashituka wakati sehemu kubwa imekwisha kuharibika. Kilichopotea hakirudi tena.

Vipimo gani vinaionyesha?

Muganga anapima presha ya jicho, anaangalia mshipa nyuma ya jicho kwa taa yake, anachunguza pembe ambamo maji yanatokea, tena anapima upana wa kuona: mugonjwa anatazama mbele na kubonyeza kila akiona nukta ya mwanga. Glokoma inajulikana kwa vipimo hivyo, si kwa skaneri ya kichwa.

Na picha ya jicho?

Iko mashini inayoitwa OCT. Inatumia mwanga tu, haiumi, na inachukua dakika chache. Inapima unene wa nyuzi za mshipa, na picha ya leo inalinganishwa na ya mwaka kesho. Inasaidia sana mwanzoni mwa ugonjwa. Ugonjwa ukiisha kwenda mbali, kipimo cha upana wa kuona ndicho kinasema zaidi. Mahali OCT haiko, dawa isingojee.

Picha ya ubongo inahitajika wakati gani?

Wakati dalili hazifanani na glokoma. Uvimbe kichwani unaweza kubana mshipa wa jicho na kudanganya watu. Muganga anaweza kuomba skaneri, ao IRM inayoonyesha mshipa vizuri zaidi, kama:

- kuona kunapungua haraka, kwa siku ao majuma machache;
- mshipa umepauka kuliko ulivyochimbika;
- nusu nzima ya upande mmoja haionekani kwa macho yote mawili;
- mugonjwa ni kijana na presha ya jicho ni ya kawaida;
- kuna kichwa kuuma kusikoisha, mkono ao mguu kulegea, ao kuona vitu viwili viwili.

Hapo picha isikataliwe, inaweza kuokoa maisha.

Jamaa iulize nini?

Swali moja linatosha: « Muganga, picha hii itabadilisha nini kwenye matibabu? » Kama jibu ni wazi, feza itafutwe. Kama hakuna jibu, matone yatangulie. Yanatiwa kila siku, hata kama mtu anasikia yuko muzima. Mwenye pumu aseme mapema, sababu matone ya timolol yanaweza kumufungia pumzi. Kuna pia laser na upasuaji, vyote kwa ajili ya kushusha presha. Matone yenye kortizoni yasinunuliwe ovyo sokoni: yanaweza kuipandisha.

Jicho likiwa jekundu, likiuma sana pamoja na kutapika, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na feza ya skaneri isiyohitajika inaweza kufanya kazi nyingine: kupimisha macho ndugu na watoto wakubwa wa mugonjwa, kwani glokoma inatembea katika jamaa.