Mwili wa Mkwezi na Mwili wa Mfungwa: Usuli wa Kihistoria wa Kupima Nguvu za Kiwiliwili na Unyumbufu Kisiwani Mafia

Athari za mazoezi ya Pilates kwa watu wazima hupimwa zaidi kwa vigezo viwili: nguvu za misuli ya kiwiliwili, yaani tumbo, mgongo na kiuno, na unyumbufu wa viungo. Mapitio ya tafiti ya Cruz-Ferreira na wenzake (2011) yalibaini ushahidi madhubuti kwamba mazoezi hayo huongeza unyumbufu kwa watu wenye afya, na ushahidi wa wastani kuhusu ustahimilivu wa misuli. Insha hii haipingi matokeo hayo. Inauliza swali linaloyatangulia: ni mwili wa nani unaochukuliwa kuwa kianzio cha kipimo? Hoja kuu ni kwamba, kwa Mafia, swali hilo halijibiki bila historia ya kazi.

Joseph Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta Uingereza, akazuiliwa kama raia wa nchi adui, hatimaye katika kambi ya Knockaloe kwenye Kisiwa cha Man. Masimulizi ya maisha yake huhusisha kukua kwa mbinu yake na kifungo hicho. Vita hivyohivyo vilifika Mafia. Mnamo Januari 1915 Waingereza walikitwaa kisiwa kutoka kwa Wajerumani, wakakifanya kituo cha ndege zilizosaidia kuiangamiza manowari Königsberg katika delta ya Rufiji, Julai mwaka huohuo. Hata hivyo, hali za miili katika visiwa hivi viwili zilitofautiana. Mfungwa wa Knockaloe alinyimwa mwendo, akautafuta kwa hiari. Mfanyakazi wa Mafia alilemewa na mwendo asioweza kuukataa.

Katika karne ya 19, mashamba ya minazi ya Mafia yalitegemea kwa kiasi kikubwa jasho la watumwa, na utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Lugha yenyewe imehifadhi alama za kazi hiyo. Neno kidato, ambalo mwanafunzi wa leo hulijua kama darasa la sekondari, kwa mkwezi ni kikato kilichochongwa kwenye shina la mnazi ili kuwekea mguu. Kukwea huhitaji tumbo kukaza, mgongo kushikilia na nyonga kufunguka katika kila kidato. Kadhalika baharia wa ngalawa anayesukuma pondo, na fundi wa jahazi anayeinama juu ya tezo, hutumia misuli ileile ambayo Pilates huilenga.

Hapa mtafiti anakabiliwa na mtego. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mtu wa kisiwani ana nguvu za asili, hivyo hahitaji mazoezi. Dhana hiyo si ngeni: ndiyo iliyomfaa mwenye shamba, kwa kuwa mwili unaodhaniwa kuwa na nguvu za asili hauombewi mapumziko wala matibabu. Aidha, kazi si mazoezi. Pilates hufanyisha kazi pande zote mbili za mwili, hudhibiti pumzi na humruhusu mtu kukoma anapochoka. Mkwezi hukoma nazi zinapokwisha. Fundi hupiga tezo kwa mkono uleule miaka na miaka. Kwa hiyo yawezekana mtu akawa na nguvu nyingi za kiwiliwili huku unyumbufu wake umepungua, na vigezo hivyo viwili visipande pamoja.

Insha inahitimisha kwamba utafiti wowote wa Pilates kwa watu wazima wa Mafia uanze na historia ya kazi ya kila mshiriki: amekwea au kuvua kwa miaka mingapi, hutumia upande upi wa mwili, na amewahi kuanguka mnazini au la. Washiriki walinganishwe kwa kazi zao, si kwa umri na jinsia pekee. Bila hivyo, kipimo kitahesabu kuwa athari ya mazoezi kile ambacho ni athari ya mnazi, na maumivu ya mgongo yaliyorithiwa kutokana na kazi yataendelea kuitwa afya njema.