Jeshi la wikendi Marekani: Mambo ambayo Mkenya anafaa kupima kabla ya kutia sahihi

KIJANA Mkenya anayeishi Marekani kwa kibali cha ukaaji wa kudumu, almaarufu Green Card, hakawii kukutana na afisa wa kusajili makurutu. Humpata chuoni au katika ofisi ndogo iliyo kando ya maduka, akiwa nadhifu, mcheshi na mwenye jibu kwa kila swali. Ahadi yake ni fupi: wikendi moja kila mwezi na wiki mbili kila mwaka, kisha mtu anarejelea shughuli zake.

Kwa Wakenya wa Lowell, Worcester, Dallas au Atlanta, ambao wengi wao hutunza wazee na wagonjwa usiku na kusoma mchana, ahadi hiyo ina mvuto. Karo ya vyuo ni ghali, bima ya afya si rahisi kupata, na huku nyumbani kuna jamaa wanaosubiri pesa kila mwisho wa mwezi.

Hata hivyo, wikendi hiyo ni sehemu tu ya mkataba, tena ile sehemu nyepesi.

Humu nchini, mwanajeshi ni mwanajeshi kila siku. Anayekaribiana na askari wa muda ni polisi wa akiba, naye kazi yake haivuki mipaka ya eneo lake. Marekani ina mfumo tofauti, na ndani ya mfumo huo kuna vikosi viwili vya nchi kavu ambavyo wageni huvichanganya.

Cha kwanza ni Army Reserve, jeshi la akiba lililoanzishwa mwaka 1908, ambalo liko chini ya serikali kuu moja kwa moja. Wengi wa askari wake ni matabibu, madereva, wahandisi na watu wa ugavi. Cha pili ni National Guard, ambacho historia yake huanzia migambo ya Massachusetts ya mwaka 1636. Kila jimbo lina chake, na ukijumlisha mji mkuu wa Washington na maeneo ya Puerto Rico, Guam na Visiwa vya Virgin, hesabu inafika 54.

Askari wa National Guard ana mabwana wawili. Siku za kawaida amiri wake ni gavana wa jimbo, ambaye humtuma kwenye mafuriko, moto wa misituni na ghasia. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, zaidi ya askari 50,000 wa kikosi hicho walipelekwa kuokoa watu na kulinda miji. Lakini Rais naye anaweza kuwatwaa askari hao wakawa wake.

Suala hilo si la vitabuni. Mnamo Juni 2025, Rais Donald Trump alitwaa takriban askari 4,000 wa National Guard ya California na kuwapeleka Los Angeles, ambako watu walikuwa wakiandamana kupinga misako ya wahamiaji. Gavana wa jimbo hilo alipinga hadi mahakamani. Mhamiaji anayewaza kujiunga na kikosi hiki hana budi kujiuliza mapema kama ataweza kusimama zamu mbele ya jengo la idara ya uhamiaji iwapo amri hiyo itamfikia. Akishakula kiapo, swali hilo halitakuwa lake tena.

Wala kutumwa ndani ya nchi si hakikisho la usalama. Novemba 2025, askari wawili wa National Guard ya West Virginia walipigwa risasi wakiwa kazini mjini Washington, mmoja akafariki.

Vita vya mbali ndivyo vilivyobadilisha maana ya wikendi moja. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, askari wa akiba na wa National Guard walitumwa Iraq na Afghanistan kwa maelfu, wengine zaidi ya mara moja, na safari moja ingeweza kumaliza mwaka mzima au zaidi. Mnamo Januari 2024, ndege isiyo na rubani ilishambulia kambi iitwayo Tower 22 nchini Jordan na kuwaua wanajeshi watatu. Wote watatu walikuwa wa Army Reserve, kutoka kampuni ya wahandisi yenye makao yake jimboni Georgia.

Kuna pia safari za amani. Tangu mwaka 2015, National Guard ya Massachusetts ina ushirikiano rasmi na majeshi ya Kenya, kwa hivyo Mkenya wa Worcester anaweza kujikuta akirejea alikozaliwa kwa mazoezi ya kijeshi, akiwa amevalia sare za Marekani.

Miaka minane, si sita

Hapa ndipo wengi huteleza. Mkataba wa kawaida wa askari wa muda hutajwa kuwa wa miaka sita, lakini wajibu wa kisheria wa anayejiunga kwa mara ya kwanza ni miaka minane. Miaka inayosalia baada ya zile wikendi kwisha huhesabiwa katika orodha ya akiba, ambapo mtu haendi mazoezini na halipwi, ila anaweza kuitwa. Mwaka 2004, Marekani ilipohitaji watu Iraq, zaidi ya 5,000 waliokuwa katika orodha hiyo waliarifiwa kwamba wangerudishwa kazini. Wengine walikuwa na ajira na familia, na walidhani sare wameivua kabisa.

Mkataba wenyewe unasema waziwazi kwamba ahadi isiyoandikwa ndani yake haina nguvu. Mafunzo ya udaktari msaidizi, marupurupu ya kujiunga, kituo kilicho karibu na nyumbani: yote ni maneno matupu mpaka yaonekane kwenye karatasi kabla ya sahihi. Si lazima msajili awe mwongo. Ana idadi ya makurutu anayotakiwa kufikisha, na kazi yake humalizikia pale ya kurutu inapoanzia.

Kabla ya wikendi ya kwanza ya kawaida kuna mafunzo. Yale ya msingi huchukua takriban wiki 10, na baadaye huja mafunzo ya taaluma, ambayo kwa mhudumu wa afya wa vitani ni takriban wiki 16 nyingine jijini San Antonio, Texas. Katika kipindi hicho askari hulipwa kama mwanajeshi wa kudumu, lakini hafanyi kazi nyingine yoyote. Anayelipa kodi ya nyumba na kutuma pesa nyumbani kwa mishahara miwili apige hesabu ya miezi hiyo kwanza.

Malipo ya wikendi yenyewe si makubwa. Wikendi moja huhesabiwa kama mishahara ya siku nne, ambayo kwa kurutu ni dola mia chache tu. Muuguzi anayefanya zamu za Jumamosi na Jumapili, ambazo mara nyingi hulipwa zaidi, huenda akapata hasara. Sheria ya mwaka 1994 humlinda mwajiriwa ili kazi yake imsubiri hadi jumla ya miaka mitano ya kutokuwapo kwa sababu ya jeshi, lakini haimlazimishi mwajiri kumlipa mshahara wa siku ambazo hakuwapo.

Faida iko kwingine. Askari wa muda huruhusiwa kununua bima ya afya kwa bei iliyo nafuu kuliko ya sokoni, na anayejifunga kwa miaka sita hupata msaada wa masomo wa kila mwezi. Baadhi ya majimbo, likiwemo Massachusetts, huwasamehe askari wa National Guard karo katika vyuo vya umma. Ule ufadhili mkubwa zaidi wa masomo, hata hivyo, hukua kwa siku za utumishi wa kudumu, hasa kutumwa ng'ambo, wala si kwa wikendi. Pensheni hutolewa baada ya miaka 20 ya utumishi, na kwa kawaida huanza kulipwa mtu akifika umri wa miaka 60.

Uraia

Kwa wengi hiki ndicho kivutio kikuu. Sheria humruhusu mwanajeshi, akiwemo wa muda, aombe uraia baada ya mwaka mmoja wa utumishi mwema, na wakati wa vita bila kungoja muda huo. Agizo la Rais George W. Bush la Julai 2002 lilitangaza kwamba kipindi cha vita kilianza Septemba 11, 2001. Mwanajeshi hatozwi ada ya maombi.

Njia hiyo imewahi kupinda. Mpango wa kuwasajili wasio na Green Card wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo, ulianza 2009 na ukasitishwa 2016, ukiwaacha baadhi ya waliotia sahihi wakisubiri huku viza zao zikiisha. Oktoba 2017, Wizara ya Ulinzi iliongeza muda wa kungoja cheti cha utumishi, na mahakama ikabatilisha masharti hayo mwaka 2020. Aidha, aliyepata uraia kupitia jeshi anaweza kunyang'anywa iwapo ataachishwa kazi kwa utovu wa heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema.

Upande wa Kenya, Katiba ya 2010 haimpokonyi uraia mzaliwa aliyepata wa nchi nyingine. Lakini Kifungu cha 78 hakiruhusu mwanajeshi wa Kenya wala afisa wa serikali wa ngazi ya juu kuwa na uraia wa nchi mbili.

Jambo hili lisichanganywe na lile la wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 25 wenye Green Card, ambao sheria huwataka wawe katika daftari la taifa la wanaoweza kuitwa jeshini. Kuwa humo si kujiunga, na hakuna aliyeitwa kwa lazima tangu 1973.

Anayelea watoto peke yake hutakiwa kuandika mpango unaomtaja atakayewatunza akitumwa. Jambo hilo huwatatiza Wakenya wengi, kwa kuwa nyanya na shangazi wako mbali na hawana viza.

Na miongoni mwa karatasi za mwanzo atakazojaza kurutu ni ya bima ya maisha, ambayo tangu Machi 2023 hufikia dola 500,000. Humo huandika jina la atakayelipwa akifa. Laweza kuwa la mke, la mtoto, au la mama aliyeko Kisii.