Washington: Jina la Bwana au Jina la Mtu Huru?

Mwaka jana, katika mhadhara kuhusu historia ya Wamarekani weusi, nilisema jambo ambalo nimelisema darasani kwa zaidi ya miaka kumi: kwamba majina ya Kiingereza wanayoyabeba watu hao ni chapa za mabwana waliowamiliki babu zao, kama chapa ya moto kwenye paja la ng'ombe. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama ni chapa ya bwana, mbona akina Washington wa leo ni wengi mno kuliko watumwa ambao Washington aliwahi kuwa nao?" Nilimjibu kwa maneno mengi, nikatoka darasani nikijua kwamba sikumjibu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Swali lake lilikuwa na msingi. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina la ukoo Washington, na asilimia 90 kati yao walikuwa weusi. Linalofuatia miongoni mwa majina yaliyoenea ni Jefferson, kwa asilimia 75. Jackson ni zaidi kidogo ya nusu. Ikumbukwe kwamba Wamarekani weusi walikuwa takribani mtu mmoja katika kila watu wanane wa nchi hiyo. Jina la mwasisi wa taifa, lililopewa mji mkuu na jimbo zima, na mtu ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola moja, leo ni jina la watu weusi kuliko jina jingine lolote kubwa la Kiingereza nchini humo. Huko Uingereza lilikotoka, ni jina la familia chache.

Na lilitoka wapi? Kaskazini-mashariki ya Uingereza, karibu na mto Wear. Maelezo yanayokubalika zaidi kwa wataalamu wa majina ya mahali ni kwamba hapo kale palikuwa na mtu aliyeitwa Wassa. Watu wake wakajulikana kwa jina lake, na mahali walipojenga na kulima pakaitwa makazi ya watu wa Wassa. Msomaji wa Afrika Mashariki hatalishangaa hilo, kwa kuwa nchi zetu zimejaa vijiji vilivyoitwa kwa jina la mzee aliyefyeka pori la kwanza.

Kutoka jina la mahali hadi jina la ukoo ni hatua iliyochukuliwa katika karne ya 12. Kabaila mmoja, William de Hertburn, alishika ardhi chini ya Askofu wa Durham. Kitabu cha Boldon, daftari la mapato ya askofu huyo lililoandikwa mwaka 1183, kinaeleza kwamba William aliipata Wessyngton kwa kubadilishana na Hertburn, na kwamba alipaswa kulipa pauni nne na kuhudhuria mawindo makuu ya askofu akiwa na mbwa wanne wa kuwindia. Alipobadili ardhi alibadili na jina: William wa Hertburn akawa William wa Wessyngton. Kwa hiyo mtu wa kwanza katika ukoo huu kuitwa Washington alikuwa ameacha jina jingine. Watu husahau jambo hili wanapozungumza kana kwamba majina ya Waingereza yaliteremka pamoja na mvua.

Karne zilizofuata tunaweza kuzipita haraka. Tawi moja la ukoo lilihamia kusini; Lawrence Washington, mfanyabiashara ya sufu, alinunua ardhi ya Sulgrave mwaka 1539 baada ya Mfalme Henry wa Nane kuwanyang'anya watawa mali zao. Kitukuu wake, aliyeitwa Lawrence pia, alikuwa kasisi akafukuzwa parokiani mwaka 1643, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa tuhuma za ulevi. Umaskini uliofuata ulimsukuma mwanawe John baharini. Katika miaka ya 1650 John alifika Virginia kwa meli ya kubeba tumbaku, akaoa, akabaki. Huyo ndiye baba wa babu yake George, aliyezaliwa mwaka 1732.

George alipofiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka 11, alirithi watumwa kumi. Alipofariki mwaka 1799, shamba lake la Mount Vernon lilikuwa na watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali yake, 153 walikuwa wa mirathi ya mume wa kwanza wa mkewe Martha, na 41 walikodishwa. Katika wosia aliagiza watumwa wake 123 waachwe huru baada ya kifo cha Martha, ingawa Martha hakusubiri. Waliachwa huru Januari 1801. Wale 153 sheria haikumruhusu kuwagusa, wakagawanywa kwa warithi. George mwenyewe hakuacha mtoto wa kumzaa.

Hesabu ya mwanafunzi wangu inaanza kueleweka. Na hata hao 123 hawakugeuka kuwa akina Washington kwa sababu tu walitoka kwake. Mtumwa wake aliyejulikana kuliko wote, aliyempandia farasi ubavuni wakati wote wa vita vya uhuru na ambaye wosia ulimpa uhuru papo hapo pamoja na dola 30 kwa mwaka, aliitwa William Lee. George alimnunua mwaka 1768 kutoka katika mali ya familia ya Lee, naye akabaki Lee hadi kaburini.

Yuko mwingine ambaye habari zake zinavuruga kabisa nadharia ya chapa. Harry alizaliwa maeneo ya mto Gambia yapata mwaka 1740, akauzwa ng'ambo, na mwaka 1763 akanunuliwa na George Washington. Mwaka 1771 alitoroka, akakamatwa. Mwaka 1776, wakati bwana wake akiongoza vita kwa ajili ya uhuru, Harry alitoroka tena na kujiunga na jeshi la Waingereza, waliokuwa wameahidi uhuru kwa watumwa wa waasi. Vita vilipokwisha mwaka 1783, Jenerali Washington alikutana na kamanda wa Waingereza, Guy Carleton, akadai watumwa waliokimbia warudishwe kama mali. Carleton alikataa. Majina ya waliokuwa wakiondoka New York yaliandikwa kwenye daftari, na humo, mwaka uleule, yumo Harry Washington, mwenye umri wa miaka 43, aliyemwacha Jenerali miaka saba kabla.

Hebu tutafakari kidogo hapo. Mtu huyu yuko mbele ya karani, anapanda meli ya adui wa bwana wake. Hakuna aliyemlazimisha kubeba jina la mtu aliyekuwa akimdai kama farasi aliyepotea. Karani angeandika lolote. Kutoka hapo Harry alikwenda Nova Scotia, na mwaka 1792 akavuka bahari kwa mara ya pili, safari hii kuelekea Afrika, pamoja na watu wapatao 1,200 walioujenga mji wa Freetown, Sierra Leone. Mwaka 1800 walowezi hao waliasi dhidi ya kampuni iliyowatawala, chanzo kikuu kikiwa kodi ya ardhi. Harry Washington alihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kufukuziwa ng'ambo ya maji, pwani ya Bullom. Washington wawili, walioasi wote dhidi ya mamlaka ya Kiingereza kwa hoja ya kodi. Mmoja akawa rais, mwingine mfungwa wa uhamishoni.

Lakini Harry ni mmoja. Wingi wa akina Washington weusi ulionekana kwenye makaratasi baada ya mwaka 1865. Kabla ya hapo, watumwa karibu milioni nne hawakuwa na majina mbele ya serikali. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi, basi. Ni sensa ya 1870 iliyowaandika wote kwa majina kwa mara ya kwanza, na ndiyo maana mjukuu anayetafuta asili yake leo hugonga ukuta hapo.

Kosa langu la miaka yote lilikuwa kudhani kwamba ambacho hakikuandikwa hakikuwapo. Mwanahistoria Herbert Gutman, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu familia za weusi utumwani na katika uhuru, alionyesha kwamba watumwa wengi walikuwa na majina ya ukoo waliyoyatumia wao kwa wao, mara nyingi tofauti na jina la bwana wa mwisho. Mengine yalitoka kwa mmiliki wa kwanza wa babu, yakashikiliwa kwa vizazi vitatu ili ndugu waliouzwa mashamba mbalimbali waweze kutambuana. Madaftari ya benki iliyoanzishwa mwaka 1865 kwa ajili ya watu walioachwa huru yanathibitisha: fomu zake za mwanzo ziliuliza jina la mwenye akaunti na jina la aliyekuwa bwana wake, na majina hayo mawili mara nyingi hayafanani. Kwa macho ya bwana, jina la ukoo la mtumwa halikuwapo. Kwa mtumwa lilikuwa siri ya nyumbani.

Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1856 na baadaye kuongoza chuo cha Tuskegee kuanzia 1881, ametuachia ushuhuda katika kumbukumbu zake za mwaka 1901. Anasema walipopata uhuru, karibu wote waliona ni lazima kufanya mambo mawili: kubadili jina, na kuondoka shambani japo kwa siku chache ili kuhakikisha kwamba kweli wako huru. Yeye alipokwenda shule alikuwa Booker tu. Akisikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili au matatu, akaingiwa na wasiwasi. Zamu yake ilipofika, akamwambia mwalimu kwa utulivu kwamba anaitwa Booker Washington. Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo, Washington Ferguson. Baadaye aligundua kwamba mama yake alikuwa amempa pia jina Taliaferro, akaliweka katikati.

Tazama njia iliyopitiwa na jina hapo: mtumwa Ferguson alipewa jina Washington kwa heshima ya rais, kama walivyopewa watumwa wengi, na mtoto wa kambo akaligeuza kuwa jina la ukoo. Hakuna Washington mweupe aliyewahi kuimiliki familia hiyo. Wengine walilichukua kwa sababu lilikuwa jina la uhuru wenyewe katika lugha ya nchi ile, na kuwaambia majirani weupe "mimi ni Washington" kulikuwa kudai sehemu katika taifa. Wengine, ni kweli, walikuwa mali ya ndugu na wapwa wa George, ambao hawakuwa na moyo wa wosia wake: Bushrod Washington, mpwa aliyerithi Mount Vernon na aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu, aliuza watu 54 kwenda Louisiana mwaka 1821. Kwa wajukuu wa watu hao, jina hilo ni kovu, na sina haki ya kuwaambia vinginevyo.

Ajabu ni kwamba Lincoln, aliyetia sahihi tangazo la kuwaachia huru, hakupata warithi wengi wa jina lake. Wengi wa akina Lincoln ni weupe. Nadhani sababu ni kwamba mwaka 1865 watu wengi tayari walikuwa na majina.

Kwa hiyo ninapomsoma Malcolm X, aliyelikataa jina Little na kuweka X mahali pa jina la Kiafrika lililopotea, ninaelewa na kuheshimu uchungu wake. Lakini alichokitupa huenda kilikuwa ndicho mtu fulani, kizazi fulani, alikipigania. Siasa ya majina huwa na pupa hiyo. Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972 hakumuuliza mtu yeyote jina lake lilikuwa na maana gani nyumbani kwake. Magharibi mwa Kenya, Washington limekuwa jina la ubatizo la wanaume wengi, akiwamo mbunge wa Gem, marehemu Washington Jakoyo Midiwo, na sijasikia mtu akilidhania kuwa chapa.

Sisi wenyewe tuna hesabu ambayo hatujaifunga. Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa India na kuisindikiza maiti ya Livingstone hadi London mwaka 1874, alizikwa akiwa na jina la Kiingereza lenye maana ya fundi wa magari ya kukokotwa. Watumwa walioachwa huru na kuwekwa Freretown, Mombasa, walibatizwa kwa majina ya namna hiyo, na wengine wakashikilia ya kwao, kama ukoo wa James Mbotela, aliyeandika historia yao kwa Kiswahili katika Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934. Nani alichagua, na nani alichaguliwa?

Mwanafunzi wangu anataka kuandika tasnifu kuhusu jambo hilo. Nimemwambia atafute madaftari ya ubatizo, na kila atakapokuta jina limekatwa kwa kalamu na jingine kuandikwa juu yake, alinakili lile la chini kwanza.