Pakanga: Habari za Mmea Mchungu na Homa ya Nchi Yetu

Katika kitabu cha Jubilei watu hutazamia kusoma habari za makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na mapadre waliotutangulia. Ni haki yao. Lakini iko historia nyingine iliyokwenda sambamba na hiyo siku zote, nayo ni historia ya homa. Toka uwanda wa Mazimbu hata vijiji vilivyo chini ya vilele vya Uluguru, ni vigumu kuipata parokia ambayo haikuzika watoto kwa sababu ya malaria. Basi yafaa tueleze habari za mmea mmoja wenye maua madogo ya manjano, ambao katika siku zetu umeokoa roho za watu wengi. Tutaeleza pia jinsi unavyopandwa na kutunzwa, na mpaka wa nguvu zake. Maana ajuaye nusu ya habari za dawa huweza kudhuru kuliko asiyejua kitu.

1. Jina lenyewe

Neno pakanga si geni masikioni mwa waumini. Hulisikia likisomwa katika Mithali na katika Ufunuo, ambamo latajwa kwa ajili ya uchungu wake. Wengi hudhani ni neno la kitabuni tu. Kumbe ni mmea wa kweli, na ndugu zake ni wengi duniani. Wataalamu wa mimea huuita ukoo huo wote Artemisia.

Wawili wanatuhusu sisi. Wa kwanza ni pakanga ya Afrika, Artemisia afra, kichaka chenye majani ya rangi ya kijivu, kiotacho katika milima ya Afrika Mashariki na kusini. Huishi miaka mingi, na hupandwa kwa vipandikizi. Huko Afrika Kusini Wazulu na Waxhosa huuita umhlonyane, nao ni dawa yao kubwa ya kikohozi na mafua. Wa pili ni pakanga ya Uchina, Artemisia annua, mmea wa mwaka mmoja, wenye majani ya kijani yaliyochanjwa kama unyoya na harufu nzuri kali. Hupanda juu hata mita 2. Huu wa pili ndio wenye dawa ya malaria iitwayo artemisinini. Pakanga ya Afrika haina dawa hiyo, au inayo kidogo mno isiyofaa kitu. Wasomaji na washike tofauti hii, maana wako wauzaji wanaoichanganya.

2. Homa na watangulizi

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaingia bara hata Mhonda mwaka 1877, na katika miaka ya 1880 wakafika Morogoro chini ya Uluguru. Katika Vikarieti ile ya Bagamoyo ndimo lilimozaliwa Jimbo la Morogoro mwaka 1953. Atembeleaye makaburi ya misioni pale Bagamoyo na asome miaka iliyoandikwa: ataona ni vijana wangapi waliolala pale. Wageni waliita homa ya nchi kwa majina mengi, na watu wa pwani waliita mkunguru ile homa impatayo mtu ahamiapo mahali pageni. Hakuna aliyejua ilikotoka. Wengine walisema ni hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Laveran, aliona vijidudu vya malaria ndani ya damu. Na mwaka 1897 Ross, Mwingereza aliyekuwa Uhindi, alionyesha kuwa mbu ndiye anayevichukua.

Wazee wetu nao hawakukaa mikono mitupu. Walimfukiza mgonjwa kwa mvuke wa majani, na walichoma kivumbasi nyumbani jioni ili kufukuza mbu. Desturi hii ya kivumbasi si upuuzi: harufu yake kweli huwachukiza mbu, ingawa haiwezi kushika mahali pa chandarua.

3. Kwinini

Dawa waliyokuja nayo wageni ni kwinini. Asili yake ni gome la mti wa sinkona, uotao katika milima ya Amerika ya Kusini. Wayesuiti waliipeleka habari yake Ulaya katika karne ya 17, hata gome lile likaitwa gome la Wayesuiti. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kutoa kwinini yenyewe katika gome. Tangu hapo mtu aliweza kupima kiasi cha dawa, asibahatishe. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili la kupima, maana tutalirudia.

Thamani ya kwinini twaiona katika safari za Livingstone. Mwezi wa Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Tangu siku hiyo hakuwa tena na kinga, na afya yake ikaharibika mwaka hata mwaka. Mwili wake ulipochukuliwa na watumishi wake waaminifu hata pwani, mwezi wa Februari 1874, misioni ya Bagamoyo ndiyo iliyoupokea.

Wadachi walipoitawala nchi walianzisha chuo cha mimea huko Amani, Usambara ya Mashariki, mwaka 1902, wakapanda sinkona. Vita vya 1914 vilipotokea, meli za Waingereza zilifunga bahari, na dawa kutoka Ulaya hazikuingia tena. Ndipo yale magome ya Amani yakawa ndiyo dawa ya jeshi zima la Lettow-Vorbeck. Walipokosa vyombo vya kutengenezea vidonge walichemsha gome wakanywa maji yake. Uchungu wake ulikuwa mkali hata askari wakayaita kwa mzaha pombe ya Lettow. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro, na vita ikapita pande zote za Uluguru kuelekea Kisaki. Wapagazi waliokufa kwa maradhi katika vita ile walikuwa wengi kupita waliokufa kwa risasi.

Baada ya vita ya pili ilikuja klorokwini, dawa rahisi na nyepesi, nayo ilitutumikia kwa miaka mingi. Lakini tangu mwisho wa miaka ya 1970 vijidudu vya Afrika Mashariki vilianza kuizoea. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha, ikachukua dawa ya SP, nayo haikudumu. Mwishoni mwa 2006 ikachukuliwa dawa mseto, ambayo nguvu yake yatoka katika pakanga ya Uchina.

4. Mmea uliotoka mbali

Katika karne ya 4 mganga wa Uchina, Ge Hong, aliandika kwamba mwenye homa ya vipindi aloweke mmea huu katika maji, aukamue, anywe maji yake. Mwaka 1967, wakati wa vita ya Vietnam, serikali ya Uchina iliwakusanya wataalamu watafute dawa mpya ya malaria. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Tu Youyou, alijaribu mimea mingi bila mafanikio, na pakanga mara ilifaa, mara haikufaa. Alipoyarudia maneno ya Ge Hong aling'amua kwamba yule mganga hakutaja moto. Basi alitoa dawa kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Na mwaka 1971 dawa yake ikawaponya panya na nyani wote aliowajaribu. Mwaka 1972 artemisinini ilipatikana safi. Kabla ya kuwapa wagonjwa, Tu na wenzake waliinywa wao wenyewe ili kujua kama ni salama. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Dunia ilipoihitaji dawa hii kwa wingi, wakulima wa Afrika Mashariki nao walipanda. Katika Tanzania mashamba yalikuwako Arusha, Kilimanjaro na nyanda za juu kusini, na majani yalikamuliwa katika kiwanda cha Athi River, Kenya. Miaka ya 2004 na 2005 kilo moja ya artemisinini ilifikia kiasi cha dola 1,000. Watu wakalima kila mahali, hasa Uchina, na kufika 2007 bei ikaanguka hata isifike robo yake. Wakulima wengi waling'oa pakanga wakarudi kwenye mahindi. Hili nalo ni fundisho: mmea wa dawa hauna soko la kijijini kama nyanya, mnunuzi akiondoka, majani hayaliwi.

5. Kupanda na kutunza

Mbegu ya pakanga ni ndogo kupita ya mchicha. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu, ndipo hunyunyizwa juu ya udongo laini wa kitalu. Zisifukiwe, maana zataka mwanga ili kuota. Zimwagiliwe polepole kwa matone madogo, zisichukuliwe na maji. Kitalu huanzishwa wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, ili miche ifikapo urefu wa shibiri moja hivi ihamishiwe shambani mwanzo wa masika. Nafasi kati ya mche na mche ni nusu mita hadi mita moja. Mmea haupendi maji yanayosimama, nao huchelewa kukua mwanzoni. Magugu yasipopaliliwa mwezi wa kwanza yataushinda.

Iko shida moja ya nchi yetu ambayo mkulima lazima aijue. Pakanga ya Uchina hutoa maua siku zifupikapo. Kwao siku za kiangazi ni ndefu, basi mmea hupata muda wa kukua kabla ya kuchanua. Kwetu siku na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hata mbegu ya kawaida huchanua ingali fupi, ikatoa majani haba. Kwa sababu hii wataalamu walizalisha mbegu chotara ichelewayo kuchanua, na katika nchi za joto hupandwa zaidi mahali pa juu penye baridi. Apandaye Mazimbu, penye kiasi cha mita 500 juu ya bahari, asitarajie mavuno kama ya mtu wa milimani, pande za Mgeta.

Majani huvunwa wakati matumba ya maua yaanzapo kuonekana, maana ndipo dawa ilipo nyingi. Hukaushwa kivulini, si juani, kisha huhifadhiwa mahali pakavu. Na anayepanda mlimani alime kwa matuta ya kukinga udongo. Hakuna dawa iwezayo kulipa mlima uliochukuliwa na mvua.

6. Kikombe cha chai

Sasa twafika penye neno zito. Watu wengi, hata katika jumuiya zetu, huchemsha majani ya pakanga wakanywa kama dawa ya malaria. Je, yafaa? Jaribio lilifanyika katika Kongo, likatangazwa mwaka 2004. Baada ya siku 7, wagonjwa kama saba katika kila kumi waliokunywa chai walionekana wamepona. Lakini walipotazamwa siku ya 35, waliobaki wazima walikuwa kama theluthi moja tu, hali waliotumia kwinini wengi sana walibaki wazima. Sababu si ngumu. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi chake katika majani hutofautiana shamba na shamba. Chai hupunguza vijidudu, haivimalizi. Homa hushuka, mama hufurahi, na baada ya wiki mbili au tatu mtoto huanguka tena, pengine kwa degedege.

Madhara hayaishii kwake. Vijidudu vilivyoonja dawa bila kufa ndivyo hujifunza kuistahimili, kama vilivyofanya kwa klorokwini. Tayari vijidudu vyenye kuistahimili artemisinini kwa sehemu vimethibitishwa Rwanda, Uganda, na kwetu Kagera. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012 na tena 2019, lilikataa kuunga mkono chai na unga wa pakanga kwa malaria. Hata mwaka 2020, ndege ya serikali yetu ilipokwenda Madagaska kuleta kinywaji cha pakanga kwa ajili ya korona, hapakupatikana ushahidi wa kutosha kwamba chaponya.

7. Kwa walimu na viongozi wa jumuiya

Mazimbu yenyewe yatufundisha. Pale palipokuwa shamba la katani, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walijenga tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mwaka 1979. Wengi wao walitoka mahali pasipo malaria, na homa iliwapata kama ilivyowapata wamisionari wa kwanza. Hawakutegemea umhlonyane wa kwao peke yake, walijenga hospitali. Mwaka 1992 waliyakabidhi majengo kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, ambamo vijana wetu husoma.

Basi mwalimu akitaka kupanda mche wa pakanga katika bustani ya shule, na apande. Watoto watajifunza mengi: mwanga wa jua na maua, mbegu na subira, na jinsi neno moja katika kitabu cha kale lilivyoweza kumwongoza mtafiti baada ya miaka 1,600. Lakini awaambie pia wazazi maneno haya: mtoto mwenye homa apimwe damu siku ile ile au kesho yake, akionekana ana malaria, apewe dawa mseto na aimalize siku zote 3, hata kama siku ya pili ameanza kucheza. Vidonge vilivyosalia kabatini ni deni kwa mtoto wa jirani. Na usiku wote walale ndani ya chandarua.

Wazee waliotuachia misioni hizi walikufa wengi kwa kukosa dawa. Sisi dawa tunayo, nayo yatoka katika mmea tuwezao kuupanda kwa mikono yetu. Tuitunze bustani, na tuitunze dawa yenyewe, isije ikapoteza nguvu mikononi mwetu.