Kamba, Mkazo na Mnyumbuko: Historia Fupi ya Maneno ya Mzigo

Msukuma mkokoteni wa Kawangware afungapo magunia kwa kamba ya katani, kamba hushika upesi. Akitumia mpira uliokatwa katika tyubu ya gari, mpira hurefuka sana kabla ya kushika. Tofauti hiyo aijua vyema, na maneno yake anayo: kaza, vuta, legea, nyumbuka. Lakini mtoto wake asomapo fizikia husoma jambo lilo hilo kwa Kiingereza, kana kwamba lugha ya mkokoteni haikupata kulifikiri. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo yana historia ndefu, na kwamba sisi wanaisimu tumekwisha kuyatumia kwa shughuli zetu.

Neno mkonge ni la zamani kuliko mmea tuuitao hivyo leo. Liliitwa kwanza mimea ya asili itoayo nyuzi. Kisha Richard Hindorf alipoleta katani ya Marekani katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893, jina likahamia kwa mgeni. Katani nalo ni neno la Kiarabu lililokuwa la kitani. Vivyo hivyo katika vitongoji vyetu viwili: Kibera, walikokaa askari wa Kinubi tangu mwanzo wa karne ya 20, jina lenyewe likitokana na neno lao la msitu, wanawake walisuka vifuniko vya chakula, upande wa Dagoretti, iliko Kawangware, wanawake wa Kikuyu walisokota nyuzi za magome juu ya paja wakafuma viondo, na baadaye wakapokea katani. Kazi ilibaki, uzi ukabadilika.

Wanasayansi wa Ulaya walichelewa kutenganisha mambo ambayo kitenzi kaza huyabeba pamoja. Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba urefu huongezeka kwa kadiri ya nguvu. Cauchy, katika miaka ya 1820, ndiye aliyeipa dhana ya mkazo umbo lake, yaani nguvu ikigawanywa kwa eneo. Tuchukue uzi wa kipenyo cha milimita 2 uliotundikwa kilo 10: kila milimita mraba hubeba kilo 3 na kidogo. Kipenyo kikiwa milimita 1, hubeba karibu kilo 13. Na uzi uvutwapo hurefuka na kuwa mwembamba papo hapo, jambo alilolipigia hesabu Poisson.

Katika kamba iliyosokotwa wembamba huo una kazi kubwa zaidi. Uzi wa mkonge hauzidi sana mita 1. Kamba ya mita 20 haina hata uzi mmoja utokao ncha hadi ncha. Mzigo ukivuta, msokoto hubana, nyuzi husuguana, na msuguano huo ndio uzizuiao zisichomoke. Kwa hiyo kamba hushika kwa sababu ya kupungua kipenyo. (Ikilowa, nyuzi huvimba, nayo kamba hufupika, mwenye kamba ya kuanikia nguo huliona hilo wakati wa masika.)

Sasa tuitazame sarufi. Mkazo kwetu ni wa silabi. Mnyumbuliko ni wa vitenzi: piga, pigia, pigana. Tuliyatwaa maneno haya katika kamba. Wako wasemao kwamba kuyarudisha kwa mafundi kutawachanganya wanafunzi. Sikubali. Kiingereza chatumia neno moja kwa silabi na kwa chuma, wala hakuna mhandisi aliyepotea kwa ajili hiyo. Tangu 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima la mtihani nchini Kenya, lakini fizikia haikufuata. Kisingizio cha uhaba wa istilahi hakitoshi.

Napendekeza basi mkazo kwa nguvu juu ya eneo, na mnyumbuko kwa ongezeko la urefu likilinganishwa na urefu wa awali. Kwa kupungua kipenyo neno ni gumu kidogo. Msinyao haufai, maana kisinyaacho ni jani likosalo maji. Kwa kamba, mbano watosha. Kwa waya, usio na nyuzi za kubanana, tuseme tu mpunguo wa kipenyo.