Kabla ya nukta palikuwa na "basi"

Miongoni mwa barua kongwe kabisa za Kiswahili zinazojulikana ni zile zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, India. Mtu aliyelelewa na vitabu vya siku hizi akiyatazama maandishi ya zama hizo hukosa pa kushika. Hakuna herufi kubwa ya kumwonyesha sentensi ilipoanza, hakuna nukta wala mkato, hakuna aya. Wino unakwenda kutoka kulia hadi kushoto mpaka jambo liishe. Msomaji wa pwani hakupotea, maana alikuwa na alama zake, na alama hizo zilikuwa maneno: basi, hata, kisha, tena, ama.

Vitabu vyetu vya sarufi hulipita jambo hili haraka. Huorodhesha viunganishi, hutoa mfano mmojammoja, vikahamia vihisishi. Lakini viunganishi vya Kiswahili vina historia, na kwa sehemu kubwa ya historia hiyo vilibeba mzigo ambao leo tumeukabidhi uakifishaji. "Hata" ilipotokea katikati ya masimulizi, msikilizaji alijua kwamba wakati umesogea na kisa kinaingia hatua nyingine. "Basi" ilifunga lililotangulia na kufungua linalofuata.

Kazi hiyo inaonekana wazi zaidi katika barua. Mwandishi alianza kwa kumtaja anayeandikiwa pamoja na sifa zake, akamiminia salamu na dua, nyingi zikiwa kwa Kiarabu, kisha akaweka "wa baadu" au "ama baada ya salamu". Hapo heshima zimekwisha, sasa linakuja shauri la mnazi, deni au jahazi. Mjerumani C. G. Büttner alichapisha kwao mwaka 1892 mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, barua zikiwemo, na muundo huo unakutana nao humo. Utaratibu wenyewe ni wa Kiarabu, wa hotuba na wa barua, na ungali hai: nenda msikitini siku ya Ijumaa usikilize khatibu akimaliza kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, atatamka "amma baad" ndipo aingie katika mada. Na mtoto wa shule ya msingi anayefundishwa barua ya kirafiki, akaandika "baada ya salamu, nakuarifu kuwa", anaendeleza utaratibu uleule ingawa hajawahi kuiona hati ya Kiarabu.

Wino, hata hivyo, ulikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na njia yake ya kuunganisha mawazo, na njia hiyo ilikuwa ndani ya kitenzi. Nikisema: mzee alifika, akavua viatu, akaketi, akaomba maji, akanywa, akashukuru, akaondoka, nimetaja matendo saba bila kiunganishi hata kimoja, na hakuna atakayeuliza lipi lilitangulia. Kiambishi -ka- kimeyashika yote. Ndugu zake ni wengi. Kuna -ki- ya "ukija", -po- ya "alipofika", -nge- ya "ningejua", -sipo- ya "tusipoangalia", -japo- ya "ujapomwita". Wakati, sharti na hata ukaidi wa jambo kutokea kinyume na matarajio, vyote hukaa katika silabi moja au mbili katikati ya neno. Methali zetu zimejengwa hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hakuna "ikiwa", hakuna "basi", hakuna "matokeo yake", na maana imekamilika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: hapo pana sababu na matokeo, na neno "sababu" halikuhitajika.

Ndiyo maana inafaa kuangalia ni viunganishi gani tulivyovipokea kutoka Kiarabu na ni vipi tulivyovifinyanga wenyewe. Lakini, au, bali, ila na wala vimetoka huko. Kabla, baada na sababu pia. Ukivitazama utaona kwamba vingi vya kundi la kwanza ni vya kupinga, kuchagua au kutoa kimoja katika vingi. Upande wa sharti na wa kukubali kwa shingo upande, Kiswahili kilijitosheleza: ikiwa, iwapo, ingawa, ijapokuwa, isipokuwa. Hivi vyote ni kitenzi "kuwa" kilichovishwa viambishi mpaka kikasimama peke yake. "Kisha" ni mtoto wa "kuisha". "Kwamba" ilikuwa kitenzi cha kusema, -amba, ambacho ndicho pia kilichotuzalia "ambaye" na "ambacho". Huu ni utajiri ambao mwandishi wa Kiswahili anapaswa kuujua kama anavyoujua mtaa wake.

Utaratibu huo wa kitenzi unaonekana katika vitabu vya mwanzo vya nathari vilivyochapwa. Mwaka 1870 Edward Steere wa misheni ya Unguja, ambaye baadaye alikuwa askofu, alitoa London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja, kikiwemo kisa cha punda wa dobi na kile cha Sultani Darai. Mwaka huohuo alitoa pia kitabu cha kufundishia lugha. Hadithi zile zinakwenda kwa -ka-, zinasukumwa na "hata" na "basi", na zinasomeka kama mtu anayezungumza barazani. Miaka thelathini na mitatu baadaye, mwaka 1903, Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu kinachotegemea sana kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mtoro anaeleza ndoa, mazishi na ngoma, na mara nyingi tendo linafuata tendo kwa mpangilio wa kitenzi chenyewe. Mimi humrudia kila ninapohisi sentensi zangu zimekuwa nzito.

Lakini Steere na wenzake walileta pia kitu kingine: hati za Kirumi, pamoja na nukta, mkato, herufi kubwa na aya. Sentensi sasa ilikuwa na ukuta mbele na nyuma. "Basi" na "hata" zilipoteza nusu ya ajira yao. Hazikufa, ila zilibaki za masimulizi, na pengo likafunguka kwa viunganishi vya namna nyingine, vya kuonyesha hoja.

Tafsiri za vitabu vya dini ziliingia katika pengo hilo kwa nguvu. Nyaraka za Mtume Paulo ni hoja tupu, moja juu ya nyingine, na mfasiri hana pa kukwepa. Msomaji wa Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 anajua jinsi "kwa maana", "kwa kuwa", "kwa sababu hiyo" na "basi" zinavyofuatana katika Waraka kwa Warumi. Upande wa Waislamu, tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, nayo imejaa aya zinazoanza kwa "Na", kwa kuwa Kiarabu huanza hivyo. Waumini wa dini zote mbili wamesikia tangu utotoni sentensi zilizofunguliwa kwa "Na", halafu wakaenda shuleni wakakuta mwalimu anaipiga mstari mwekundu. Sijapata sababu ya kutosha ya mstari huo.

Serikali za kikoloni zilikuwa na haja nyingine, yaani Kiswahili cha kueleza na kuagiza. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi, ikipitia vitabu vya shule kabla havijachapwa. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mwenyewe mfasiri wa riwaya za Kiingereza. Sentensi yenye matawi, inayoanza kwa "ingawa" na kugeuka katikati kwa "lakini", ilipata makao katika vitabu vya kiada.

Aliyeonyesha kwamba sentensi hiyo inaweza kuwa na heshima ya Kiswahili ni Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Karama anasimama barazani kujitetea mbele ya mshtaki wake Majivuno, na kitabu karibu chote ni hoja ya mtu mmoja. Shaaban anajenga hoja hiyo kwa kupanga sentensi zinazolingana uzito, moja ikijibu nyingine, hata msomaji anauona uhusiano bila kuelekezwa. Anapotumia "lakini", inaanguka mahali pake na inauma. Wanafunzi wengi husoma kitabu hicho kwa ajili ya maudhui tu. Ningependa wangefundishwa kufuata jinsi sentensi inavyokabidhi nyingine.

Redio na magazeti ya baada ya hapo yamekwenda kwa kasi isiyoruhusu uangalifu wa namna hiyo. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, na taarifa za habari, kwenye vituo vingi, zimekuwa zikitafsiriwa kutoka Kiingereza dakika chache kabla ya kusomwa. "Wakati huohuo" ikawa daraja kati ya habari mbili zisizohusiana hata kidogo. Sisi wa magazetini tuna "kwa upande wake", ambayo hutumika kila msemaji wa pili anapoingia. Mkuu wa mkoa amesema hivi. Kwa upande wake, mwenyekiti wa kijiji amesema vilevile. Kama amesema vilevile, upande wake uko wapi? "Kufuatia" nayo imechukua nafasi ya "kutokana na" na "baada ya" kwa pamoja, hata msomaji hajui kama jambo la kwanza lilisababisha la pili au lilitangulia tu. Katika habari ya ajali au ya kifo hilo si kosa dogo.

Linalonisumbua zaidi ni "pamoja na". Zamani ilikuwa ya kujumlisha. Siku hizi pia ni ya kupinga. "Pamoja na juhudi za serikali, bei imepanda": je, juhudi zimeshindwa, au nazo zimechangia? Mwandishi anajua alichokusudia, ilhali msomaji anakisia. "Licha ya" au "ijapokuwa" ingemaliza utata.

Nchini Kenya viunganishi viligeuka mali ya mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kiwe somo la lazima, na karatasi ya insha ikawa mahali pa kupata au kukosa alama. Walimu, kwa nia njema, waliwapa watoto orodha: aidha, isitoshe, fauka ya hayo, mbali na hayo, halikadhalika, na mwishoni "kwa kukunja jamvi". Msamiati huo ni mzuri, na "fauka ya" isingekuwa hai leo kama si walimu hao. Tatizo ni kwamba mtoto hufundishwa neno kabla ya uhusiano. Anaandika hoja ya kwanza kuhusu maji, ya pili kuhusu barabara, anatia "fauka ya hayo" katikati na kuamini zimeungana.

Huko nje ya darasa vijana hawajangoja ruhusa. Nairobi, "juu" ndiyo "kwa sababu", katika Kiswahili cha Kongo nako mtu huuliza "juu ya nini?" pale wengine wanapouliza "kwa nini?". "Halafu" imekatwa ikawa "afu" kwenye simu. Sioni hatari hapo. Mtu anayesema "sikuja juu nilikuwa mgonjwa" amefikiri kuhusu sababu kabla ya kufungua mdomo.

Chukua insha ya darasani: "Mvua ilinyesha sana. Aidha, mto ulifurika. Vilevile, daraja lilibomoka. Isitoshe, wanafunzi hawakwenda shule." Viunganishi vitatu, na vyote vitatu vinadanganya, kwa sababu vinajumlisha mambo ambayo yamezaliana. Mpe bibi yeyote wa pwani aisimulie habari hiyo: mvua ilinyesha, mto ukafurika, ukabomoa daraja, wanafunzi wasiweze kwenda shule. Huu ni uchambuzi wa sababu na matokeo, sahihi kuliko ule wa kwanza, na unastahili alama zaidi.